STESHENI YA BAKER STREET
Habari za mojawapo ya stesheni za kwanza za reli ya chini ya ardhi duniani

Katika mji wa London iko barabara pana iitwayo Marylebone Road. Mabasi na motokaa hupita juu yake usiku na mchana, na waendao kwa miguu ni wengi kama siafu. Lakini chini ya nyayo zao, si mbali sana kwenda chini, kuna barabara nyingine isiyoonekana, ambayo treni zimekuwa zikipita ndani yake tangu tarehe 10 Januari 1863. Mahali hapo ndipo ilipo stesheni ya Baker Street, na habari zake zafaa kujulikana na kila mtu ambaye amepata kungoja gari la moshi, au kuona reli ikipimwa karibu na shamba lake.

Msomaji akumbuke kwamba katika mwaka huo wa 1863 hapakuwa na reli hata hatua moja katika nchi yetu ya Kenya. Ilibaki miaka 33 kabla ya kuanza kutandikwa reli pale Mombasa mwaka 1896, na miaka 36 kabla reli hiyo haijafika Nairobi. Wakati wazee wetu walipokuwa wakisafiri kwa miguu pamoja na misafara, watu wa London walikuwa tayari wakishuka ngazi kuingia ardhini ili wakapande gari la moshi.

MJI ULIOSONGAMANA

Wazungu wa London hawakupenda tu kuingia shimoni. Walisukumwa na shida. Katikati ya karne ya 19 mji wao ulikuwa ndio mkubwa kupita yote duniani. Reli kubwa kutoka mikoani zilikuwa zimekwisha fika, lakini upande wa kaskazini zilikomea pembezoni mwa mji, katika stesheni kama Paddington, Euston na King's Cross. Hazikuruhusiwa kupenya mpaka katikati, mahali penye mabenki na maofisi. Basi abiria na mizigo walishushwa huko kando, nao wakamalizia safari kwa magari ya farasi. Njia zilijaa farasi, mikokoteni, ng'ombe waliokuwa wakipelekwa sokoni, na matope. Mtu alitoka mkoani kwa saa chache, kisha akapoteza saa nyingine kuvuka mji wenyewe.

Wafanyakazi maskini hawakuwa na nauli ya gari la farasi. Iliwapasa kukaa karibu na kazi zao, na kwa hiyo walisongamana katika vyumba vichafu katikati ya mji, jamaa nzima katika chumba kimoja, penye maradhi na maji mabaya.

BWANA CHARLES PEARSON

Mtu mmoja aliyeiona shida hii na kuifikiria sana alikuwa mwanasheria wa Baraza la Jiji la London, jina lake Charles Pearson, aliyezaliwa mwaka 1793. Tangu mwaka 1845 alianza kuandika na kusema kwamba dawa ya msongamano ni kutia reli chini ya mji. Lakini shabaha yake haikuwa mwendo wa haraka peke yake. Alitaka mfanyakazi aweze kukaa nje ya mji, katika nyumba safi yenye hewa na bustani, kisha aje kazini asubuhi kwa nauli ndogo na kurudi jioni. Kwake yeye reli ilikuwa njia ya kumtoa maskini katika uchafu.

Wengi walimcheka. Walisema nyumba za juu zitaanguka, na kwamba abiria watakufa kwa moshi. Bunge lilitoa sheria ya kuruhusu reli hiyo mwaka 1854, lakini fedha hazikupatikana upesi, kwani Uingereza ilikuwa vitani na Urusi, na wenye mali hawakutaka kuzika fedha zao ardhini. Pearson hakuchoka. Aliwashawishi wakuu wa Jiji mpaka wakanunua hisa za pauni 200,000 katika Kampuni ya Reli ya Metropolitan, na kazi ikaanza mwaka 1860.

Lakini yeye mwenyewe hakuiona siku ya kufunguliwa. Alifariki mwezi wa Septemba 1862, miezi minne tu kabla ya gari la kwanza kupita. Alipokuwa hai kampuni ilitaka kumpa zawadi akaikataa. Baada ya kufa kwake, mjane wake alipewa pauni 250 kila mwaka.

JINSI ILIVYOCHIMBWA

Mhandisi mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bwana John Fowler. Yeye hakutoboa ardhi kama fuko atoboavyo shamba la viazi. Njia aliyotumia ilikuwa nyepesi kufahamika. Kwanza barabara ilifungwa na kuchimbwa mtaro mrefu na mpana. Kisha zikajengwa kuta mbili za matofali, kushoto na kulia. Juu ya kuta hizo likajengwa tao la matofali, mfano wa mgongo wa kobe. Mwisho udongo ulirudishwa juu ya tao, na barabara ikatengenezwa upya kama kwamba hakuna lililotendeka. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya reli hiyo ya kwanza inafuata barabara: kuchimba barabara kulikuwa rahisi kuliko kununua nyumba za watu na kuzibomoa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo nyumba hazikuweza kuepukwa. Karibu na mwisho wa njia, katika bonde la mto Fleet, nyumba nyingi za maskini zilibomolewa. Hapa pana jambo la kusikitisha. Sheria ya siku zile ilimlipa fidia mwenye nyumba, lakini mpangaji aliyelipa kodi yake kila juma hakupata kitu. Alifunga vyombo vyake akaenda kutafuta chumba kingine, na kwa kuwa vyumba vilikuwa vimepungua, msongamano ulizidi mahali pengine. Hivyo reli iliyofikiriwa kwa ajili ya kumwokoa maskini ilianza kwa kumtoa nyumbani mwake. Reli, barabara na mabwawa hujengwa mahali pengi duniani, na swali hili halijazeeka: mwenye hati hulipwa, je, huyu asiye na hati atakwenda wapi?

Kazi ilikuwa na hatari zake pia. Maji ya mto Fleet yalikuwa yamefungwa ndani ya mfereji mkubwa wa maji machafu, na mwezi wa Juni 1862 mfereji huo ulipasuka, maji yakaingia mtaroni na kuharibu kazi. Yalizuiliwa, kazi ikaendelea, na tarehe 10 Januari 1863 milango ilifunguliwa kwa watu wote.

Njia hiyo ilikuwa na urefu wa karibu maili nne, toka Paddington mpaka Farringdon Street, nayo ilikuwa na stesheni saba. Baker Street ilikuwa mojawapo. Inasimuliwa kwamba Waziri Mkuu, Lord Palmerston, aliyekuwa na umri wa miaka 78, alialikwa katika sherehe lakini akaomba radhi, akisema kwamba kwa umri wake apenda kukaa juu ya ardhi muda wote awezao. Watu wengine hawakuwa na hofu hiyo. Siku ya kwanza walisafiri watu zaidi ya 30,000, na katika mwaka wa kwanza hesabu ilifika safari milioni tisa na nusu.

MOSHI CHINI YA ARDHI

Umeme wa kuendesha treni haukuwa umepatikana bado. Magari yalivutwa na injini za mvuke, zenye moto na moshi kama zile zilizopanda baadaye kutoka Mombasa. Fowler alijaribu kutengeneza injini ambayo ingetunza joto lake ndani ya matofali yaliyochomwa, ili isitoe moshi handakini. Ilijaribiwa mwaka 1861 nayo ikashindwa.

Njia iliyotumika baadaye ilikuwa kuupeleka mvuke uliokwisha tumika ndani ya matangi ya maji yaliyo kando ya injini, upate kupoa na kuwa maji tena. Mvuke ulipungua, lakini moshi wa moto ulibaki. Ndani ya magari mliwashwa taa za gesi, na gesi yenyewe ilichukuliwa katika mifuko ya mpira juu ya paa. Abiria walikohoa, nguo zao zikawa nyeusi, lakini waliendelea kusafiri, kwa maana muda waliookoa ulikuwa na thamani kwao.

Injini za kwanza za kampuni yenyewe zilifika mwaka 1864 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock katika mji wa Manchester. Jina la kiwanda hiki si geni katika Afrika ya Mashariki. Hicho ndicho kilichotengeneza, katika miaka ya 1955 na 1956, zile injini kubwa 34 za aina ya Garratt za reli yetu, zilizopewa majina ya milima, ambazo kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Moja ya hizo, iitwayo Mount Gelai, imewekwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, na injini namba 23 ya reli ya Metropolitan, iliyotengenezwa mwaka 1866, imewekwa katika jumba la makumbusho huko London. Mtu akiziona zote mbili atasadiki kwa shida kwamba ni watoto wa kiwanda kimoja.

Mwaka huohuo wa 1864 lilitendeka jambo ambalo Pearson angelifurahia. Kampuni ilianza kuendesha magari ya alfajiri kwa ajili ya wafanyakazi, kwa nauli ya peni tatu kwenda na kurudi. Fundi na kibarua wakaweza kukaa mbali kidogo na kazi. Baadaye, mwaka 1883, Bunge lilitoa sheria ya kuzitaka kampuni za reli ziwe na nauli za namna hiyo.

RELI YAFIKA MASHAMBANI

Mwaka 1868 ilifunguliwa njia ndogo kutoka Baker Street kwenda kaskazini. Ilianza kama tawi tu, lakini tawi hilo likakua likapita shina. Lilifika Harrow mwaka 1880 na Aylesbury mwaka 1892, mbali kabisa katika nchi ya wakulima, penye ng'ombe wa maziwa na mashamba ya ngano.

Hapa kampuni ilionyesha werevu mkubwa. Kampuni nyingine za reli zilitakiwa na sheria kuuza ardhi iliyobaki baada ya kujenga njia, lakini Metropolitan ilipata ruhusa ya kuiweka. Bei ya ardhi ilipopanda kwa sababu ya reli, ilijenga nyumba na kuziuza au kuzipangisha, na wanunuzi wake wakawa pia abiria wake wa kila siku. Kuanzia mwaka 1915 nchi hiyo ikatangazwa kwa jina la Metro-land. Makarani wengi wa London walihamia huko, wakapata nyumba yenye kibustani mbele na nyuma. Ndoto ya Pearson ilitimia kwa sehemu: karani na fundi wenye mshahara wa hakika walitoka mjini, ingawa maskini kabisa walibaki nyuma. Na mkulima aliyeuza shamba lake mapema, kabla ya kujua reli italeta nini, aliona wengine wakipata faida ya ardhi ile.

Umeme ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1905, treni za kwanza za umeme zilipotoka Baker Street kwenda Uxbridge. Kufikia mwisho wa mwaka huo moshi ulikuwa umekwisha kutoweka karibu kabisa katika mahandaki ya katikati ya mji. Huko mashambani, mbali zaidi, injini za mvuke ziliendelea kuvuta magari ya abiria mpaka mwaka 1961.

Juu ya stesheni kampuni ilijenga jumba kubwa la makao, liitwalo Chiltern Court, lililofunguliwa mwaka 1929. Waandishi mashuhuri wawili, H. G. Wells na Arnold Bennett, walikaa humo. Mpaka leo jumba hilo lipo, nalo ndilo alionalo kwanza mgeni akitokea barabarani.

NJIA ZA CHINI ZAIDI

Wakati huo aina ya pili ya reli ilikuwa imekwisha kuja. London imekalia udongo wa mfinyanzi, mzito na usiopitisha maji upesi, na mafundi waligundua kwamba waweza kuutoboa mbali chini bila kugusa barabara. Walitumia ngao ya chuma yenye umbo la duara. Watu walichimba mbele ndani ya ngao hiyo, ikasukumwa kidogo kidogo, na nyuma yake zikafungwa pete za chuma ili udongo usianguke. Ndiyo maana handaki la namna hii ni la mviringo kama bomba, na treni zake ni ndogo kuliko zile za juu.

Njia ya kwanza ya namna hiyo kupita Baker Street ilifunguliwa tarehe 10 Machi 1906. Iliunganisha Baker Street na Waterloo, na watu wakayafupisha majina hayo mawili kuwa Bakerloo, jina lililodumu mpaka leo. Nayo pia ilikuwa na misiba yake. Tajiri wa kwanza aliyeigharimia, Whitaker Wright, alifilisika mwaka 1900, akahukumiwa kwa udanganyifu mwaka 1904 na kujiua kwa sumu siku hiyohiyo. Tajiri wa pili, Mmarekani Charles Yerkes, aliyeiokoa, alikufa mwezi wa Desemba 1905, miezi michache kabla ya kufunguliwa. Kama Pearson, alipanda mti asionje matunda yake.

Tarehe 1 Julai 1933 kampuni zote hizi ziliunganishwa chini ya halmashauri moja ya usafiri wa London. Mwaka 1939 yalifunguliwa mahandaki mapya kutoka Baker Street kuelekea Finchley Road, ili kupunguza msongamano wa treni za Metropolitan. Mwaka 1979 mahandaki hayo yakatolewa katika njia ya Bakerloo yakatiwa katika njia mpya iitwayo Jubilee.

MPANGO WA STESHENI

Leo stesheni ya Baker Street ina majukwaa kumi, hesabu isiyopitwa na stesheni yoyote nyingine ya reli hiyo ya London. Njia tano hukutana hapo. Msomaji aifikirie kama nyumba ya ngazi tatu.

Ngazi ya juu, karibu na uso wa barabara, ni ukumbi wa tikiti na milango. Nje yake, mbele ya Marylebone Road, imesimama tangu mwaka 1999 sanamu ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi ambaye mwandishi wake alisema alikaa katika mtaa wa Baker Street.

Ngazi ya pili ni ya majukwaa sita. Majukwaa ya 1 mpaka 4 ni ya njia ya Metropolitan. La 1 na la 4 ni ya treni zikomeazo hapo, na la 2 na la 3 ni ya treni zipitazo kwenda katikati ya mji. Majukwaa ya 5 na 6, yaliyo chini ya barabara yenyewe, ni yale yale ya mwaka 1863, nayo hutumiwa na njia za Circle na Hammersmith & City. Hapo juu yako ni lile tao kubwa la matofali, na ubavuni yapo matundu yaliyojengwa kwa kutoa moshi na kuingiza mwanga wa jua. Katika miaka ya 1980 sehemu hii ilisafishwa na kutengenezwa ifanane na ilivyokuwa zamani, nayo sasa huangazwa kwa taa za umeme.

Ngazi ya tatu, iliyo chini kabisa, hufikiwa kwa ngazi za umeme ziendazo zenyewe. Huko ni majukwaa ya 7 mpaka 10. La 8 na la 9 ni ya Bakerloo, la 7 na la 10 ni ya Jubilee. Yamepangwa kwa akili: treni za njia hizi mbili zielekeazo upande mmoja husimama jirani, na abiria hubadilisha treni kwa kutembea hatua chache tu, bila kupanda wala kushuka ngazi.

WATU WAENDESHAO

Reli haiendi kwa chuma peke yake. Baada ya vita vya pili vya dunia London ilipungukiwa na wafanyakazi, na mwaka 1956 halmashauri ya usafiri ilianza kuandikisha watu moja kwa moja katika kisiwa cha Barbados, ambao wengi wao ni wa asili ya Kiafrika. Walikuja kukata tikiti, kufagia majukwaa, kuwa magadi na makondakta wa mabasi. Walikuta baridi, na mara nyingi walikuta milango ya vyumba vya kupangisha imefungwa mbele yao kwa sababu ya rangi. Hata hivyo waliamka alfajiri na kuifanya kazi, na mji ule hauwezi kuandika historia ya usafiri wake bila kuwataja.

YATUPASAYO KUJIFUNZA

Mwezi wa Januari 2013, reli hiyo ilipotimiza miaka 150, injini ya mvuke ilivuta tena abiria kupita chini ya tao la Baker Street, na watu wengi walikwenda kuitazama. Katika bara letu la Afrika, Cairo ilifungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1987. Nasi Kenya tulifungua reli mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Miji yetu inakua, na asubuhi karani wa Nairobi hupoteza saa nzima katika msongamano kama vile karani wa London alivyopoteza zamani za farasi.

Habari za Baker Street zatufundisha mambo matatu. La kwanza, kazi kubwa ya namna hii hupita umri wa mtu mmoja, na anayeianza yampasa aijenge kwa ajili ya wajao. Matofali ya mwaka 1863 bado yanabeba barabara. La pili, reli hupandisha thamani ya ardhi, na mwenye shamba atafanya vema kuuliza maswali kabla hajatia sahihi. La tatu ndilo lililokuwa moyoni mwa Pearson: reli haipimwi kwa mwendo wake wala kwa uzuri wa stesheni zake. Hupimwa kwa nauli. Ikiwa kibarua aamkaye saa kumi ya alfajiri hawezi kuilipa, basi hata ikipita chini ya mlango wake, kwake yeye haijajengwa.